Tupeane uzoefu: Doctor Sleep, mwendelezo uliokuja baada ya miaka 39

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu unataja mwisho wa filamu, kwa hiyo ambaye hajaitazama akaitazame kwanza, tutamsubiri.

Mwaka 2019 Mike Flanagan alitoa Doctor Sleep, kutokana na riwaya ya Stephen King ya mwaka 2013. Ni habari za Danny Torrance, yule mtoto wa The Shining aliyenusurika kuuawa na baba yake mzazi katika hoteli ya Overlook, milimani Colorado. Sasa ni mtu mzima, mlevi, anahama mji hadi mji. Ewan McGregor ndiye anayemwigiza.

Mtihani wa Flanagan ulikuwa mzito. King hakuipenda The Shining, filamu ambayo Stanley Kubrick aliitoa mwaka 1980 kutokana na riwaya yake, na amelisema hilo hadharani mara nyingi. Katika riwaya ya kwanza, ya mwaka 1977, boila la hoteli linalipuka na jengo lote linateketea. Kwa Kubrick hoteli inabaki imesimama, na baba anaganda kwa baridi kule kwenye bustani ya vichochoro. Hallorann, mpishi aliyemfungua Danny macho kuhusu kipaji chake cha kuona na kusikia yaliyofichika kwa wengine, kitabuni anapona. Kwenye filamu anakatwa shoka. Sasa anayekuja kuendeleza amfuate nani?

Flanagan aliwafuata wote wawili, na mimi nasema alifaulu. Tazameni mwisho. Dan ameingiwa na mizimu ya hoteli, anamkimbiza Abra, binti mwenye kipaji kama chake, ambaye Dan mwenyewe alikuwa anamlinda. Halafu nafsi yake inamrudia kidogo, mtoto anapata upenyo wa kutoka, boila linawaka na Dan anateketea humo humo. Huo ndio mwisho ambao King alimwandikia Jack, baba yake Danny, mwaka 1977, na Kubrick akauacha. Flanagan ameuokota akampa mwana. Hakuna filamu nyingine ya kutisha iliyonitoa machozi.

Nyinyi je? Mlianza na kitabu au filamu, na kipi hakijawatoka hadi leo?

Mkwaju wa Tanga

Mimi ni lile genge la True Knot. Sisi tuliokulia pwani tulilelewa na habari za mumiani, wale wanaosemwa kuwa wanakamata watoto na kuwatoa damu ikafanywe dawa. Gari geni likisimama karibu na njia ya shule, tulikuwa tunatimua mbio. Sasa tazama hawa: watu wa makamo wenye nyuso za kawaida kabisa, wanazunguka Marekani kwa magari ya kulala, wanawinda watoto wenye kipaji ili wafyonze ule mvuke unaowatoka wakiumia na kuogopa. Mtoto akiteseka zaidi, mvuke unakuwa mtamu zaidi. Rebecca Ferguson, yule Rose mwenye kofia, kiongozi wao, anamsemesha binti mdogo kwa upole wa shangazi, na wewe unajua kinachofuata. Mizimu ya hotelini haikunisumbua. Rose alinikosesha usingizi.

Mama Watatu

Mkwaju, umenirudisha kwenye kile kipande cha mtoto wa besiboli, yule wanayemtesa mpaka anakufa. Jacob Tremblay alikuwa bado mdogo, na alivyolia pale sikuweza kuvumilia. Nilizima, nikaenda kuwaangalia wanangu vitandani, nikarudi kumalizia kesho yake mchana.

Nimesoma wengi wakilaumu kwamba kipande kile kimezidi. Mimi naona kilihitajika. Bila hicho, True Knot wangekuwa watu wa kuvutia tu, wana muziki wao na mapenzi yao. Baada ya pale hakuna mtazamaji anayeweza kuwapenda, na hata wanapokufa mmoja mmoja msituni sikuwa na chembe ya huruma. Ila mwenye watoto ajiandae, asiitazame peke yake.

Shabiki wa Kitabu

Mleta uzi, kwa heshima zote nakupinga. Katika riwaya ya 2013 hoteli haipo tena, iliungua zamani. Pambano la mwisho linafanyika pale ilipokuwa, na sasa ni uwanja wa kupigia kambi. Dan anabaki hai. Hilo lina maana kubwa: mlevi aliyeacha pombe anaruhusiwa kuishi, azeeke, awe mjomba wa mtu. Filamu imemchoma moto.

Tena nusu saa ya mwisho ni ziara ya kumbukumbu. Lifti ya damu, mwanamke wa bafuni, mapacha, shoka, chumba 237. Hata hiyo namba ni ya Kubrick, kitabuni ni 217. Ilibadilishwa kwa ombi la hoteli ya Timberline kule Oregon, ambayo nje yake ndiyo ilipigwa picha. Mimi nilikuja kumwona Dan na Abra, nikaishia kuonyeshwa fanicha za filamu nyingine. Saa mbili za mwanzo ni nzuri sana, ndiyo maana nimeumia.

Kijana wa Nakuru

Kaka, ngoja nikwambie kwa nini mimi siwezi kuiacha hiyo sehemu ya hoteli.

Baba yangu alikunywa. Hakuwa mtu mbaya akiwa mkavu, na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu tulikuwa tunampenda. Mimi mwenyewe nilianza chuoni. Siku niliyotazama hii filamu nilikuwa nimeacha, lakini bado nilikuwa napita mbali na baa fulani mtaani kwetu.

Kuna kipande Dan anasimama kwenye mkutano wa AA, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, anapokea nishani ya miaka minane bila pombe, na anamzungumzia baba yake. Baadaye anaingia ile baa ya hotelini. Mwenye kaunta ana sura ya baba yake, anajiita Lloyd, anamsogezea glasi ya wiski. Dan anamweleza habari za mama yake, jinsi alivyokufa, anatafuta neno moja tu kutoka kwa mzazi. Yule mtu anaendelea kusukuma glasi. Hakuna anayepiga kelele, hakuna damu. Ni mtoto anayeomba baba yake amtazame na baba anamwona mnywaji mwenzake.

Kitabuni hakuna mazungumzo haya, na hayangewezekana kama hoteli ingekuwa imeungua. King mwenyewe aliandika The Shining akiwa bado mnywaji na Doctor Sleep akiwa ameacha kwa miaka mingi. Nadhani kipande hiki kimezifunga riwaya mbili pamoja kuliko ukurasa wowote. Baba yangu alifariki kabla hatujazungumza. Nimekitazama mara nyingi.

Mama Watatu

Pole sana mwanangu. Mungu akutie nguvu uendelee hivyo hivyo.

Shabiki wa Kitabu

Kijana, hiyo hoja naipokea. Kipande cha kaunta nakubali. Kumuua Dan bado sikubali.

Nesi wa Usiku

Niko Minnesota, zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilitazama kwa sababu ya jina. Dan anafanya kazi mahali wanapotunzwa wanaokaribia kufa, anakaa nao dakika za mwisho, anawaambia ni kama kulala, ndiyo wakamwita Doctor Sleep. Na kuna paka, Azzie, anaingia chumba cha yule ambaye wakati wake umefika.

Msidhani paka ni uzushi mtupu. Providence, Rhode Island, alikuwepo paka aliyeitwa Oscar aliyekuwa akijilaza na wagonjwa wa kweli saa za mwisho, na daktari David Dosa aliandika habari zake katika New England Journal of Medicine mwaka 2007.

Katika kazi hii nimewashika mikono watu ambao watoto wao walikuwa njiani hawajafika. Huwa nasema nao taratibu, wakati mwingine kwa Kiswahili, wanatulia tu. Filamu nyingi za kutisha zinatumia maiti kama pambo. Hii ilinionyesha mtu anayekufa akiwa anaogopa, na mwingine akikaa naye. Natamani sehemu hiyo ingekuwa ndefu zaidi.

Mzee wa Kibanda

Nilikuwa naonyesha muvi kibandani enzi hizo. Hii haikuwa na wateja. Vijana walitaka It Chapter Two, nayo ni King, nayo ni ya 2019, nayo ni mwendelezo. Hata duniani ilikuwa hivyo: ile ya zimwi la sarakasi iliingiza zaidi ya dola milioni 470, Doctor Sleep kama milioni 72. Mimi nilizitazama zote mbili. Ya zimwi inakushtua kila baada ya dakika chache mpaka unazoea. Hii ya Dan inakwenda pole pole, na kibandani mtu akilipa hataki pole pole.

Mleta uzi

Nesi, kuna toleo refu la mkurugenzi, saa 3 kamili, limegawanywa kwa sura kama kitabu. Utoto wa Danny na Abra umepewa nafasi zaidi. Shabiki, nawe ulitafute hilo, halafu urudi hapa tuendelee kubishana kuhusu mwisho.