MREJESHO: Uchovu wa kuongoza wageni makumbusho, Bagamoyo

Wadau, niliuliza nipumzike vipi, maana kila jioni sauti imekauka na miguu inawaka moto. Asanteni sana.

Wiki hii mabasi ya wanafunzi yalifuatana. Kila kundi nililisimulia kuanzia misheni ilipoanzishwa 1868 hadi mwili wa mmisionari David Livingstone ulipofikishwa hapa 1874, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka bara. Binti mmoja alisimama mbele ya minyororo ya watumwa, akajishika kifundo cha mkono: “Mwalimu, hata watoto walichukuliwa?” Nikamwambia ndiyo. Nililala na swali lile.

Jumamosi nilimsikiliza dada mmoja kati yenu aliyenijibu nizime simu. Alfajiri nikashuka pwani, miguu majini, kahawa chungu na kashata mkononi, nikitazama madau yakiingia. Tangawizi imerudisha sauti.