Mjadala: Ziwa tulilifunga miezi 3 tukaweza, simu tunashindwa nini?

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Wadau habari za jioni, hasa wa Kigoma na majirani zetu wa Tabora. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, mwaka wa tisa sasa, kuna jambo linanikera nataka tulichambue bila matusi.

Juzi kijana kaniletea simu kioo kimepasuka, nikamwambia niachie siku mbili kioo kinakuja na basi. Akasema poa fundi. Hajafika hata kijiweni kwa bodaboda karudi, eti fundi huna hata ya kuazima? Nikampa kiswaswadu, kile kisimu kidogo cha kubonyeza. Saa moja baadae kakirudisha, hakitaki. Akakaa kwenye benchi langu mpaka nafunga, anatazama simu za wateja wengine zinavyowaka kwenye chaji. Nilicheka sana, lakini usiku nikajiuliza na mimi nina unafuu gani, nikafungua pale kwenye mipangilio panapoonyesha umeshinda kwenye simu muda gani. Saa 6 na dakika 10! Mtu mwenye mke na watoto watatu na kibanda cha kodi. Na nyingi wala siyo kazi, ni video za watu nisiowajua wanapika, wanagombana, wanaanguka kwenye matope.

Sasa hoja. Kila siku tunaambiwa jizuie, kuwa na nidhamu, panga malengo. Mimi nasema huko ni kumwambia dagaa ajizuie na taa. Sisi watu wa ziwa hili jambo tunalijua vizuri, usiku wa giza wavuvi wanawasha taa, zamani karabai siku hizi za sola, dagaa wanapanda wenyewe hamna aliyewasukuma, na wavu uko chini yao unasubiri. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika kwasababu taa inakosa nguvu. Sijawahi kusikia dagaa aliyeishinda taa kwa nidhamu.

Na wenye taa wanajua wanachofanya. Hii ya kusogeza kidole inakuja nyingine, unasogeza inakuja nyingine, haina mwisho, kuna mtu aliibuni, Mmarekani anaitwa Aza Raskin, mwaka 2006, na yeye mwenyewe baadae kaja kujuta hadharani. Zamani ukurasa ulikuwa unaisha, unabonyeza upate unaofuata, hapo katikati akili inapata upenyo wa kusema basi inatosha nikalale. Huo upenyo ndio waliouziba.

Sasa kumbukeni 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa, hakuna kuvua, samaki wazaliane. Hatukumfuata mvuvi mmoja mmoja kumwambia jizuie. Mvuvi akijizuia peke yake na jirani yake anavua anaonekana fala tu, ila mitumbwi yote ikiwa juu ya mchanga kila mtu anaweza. Kwahiyo nasema tuwekeane muda wa kufunga simu usiku, tuanze majumbani, na kwa watoto iwe sheria kabisa kama Australia, wao tangu 10 Desemba 2025 mtoto chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii.

Nani yuko na mimi, nani hayuko, aseme na sababu.

Mbishi wa Gungu

Mnatafuta mchawi bure. Mimi bando langu la buku linaisha saa 4 asubuhi, kuna nidhamu kubwa kuliko hiyo?

Mama Dagaa, Kibirizi

Fundi umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Hiyo miezi mitatu unayoisifia wewe ulikuwa unafungua simu za watu unakula, mimi nilikuwa nahesabu magunia niliyobakiza. Sibishi kwamba samaki walihitaji kupumzika, wazee wetu wote wanasema dagaa siyo wale wa zamani. Ila usije ukasema "tukaweza" kama vile sote tuliweza sawasawa. Kuna mama hapa mwaloni alirudi kijijini na mpaka leo hatujamuona.

Simu kwangu ni mwalo. Nina grupu la wateja, wapo Dar wapo Arusha mmoja yuko Dodoma, nawapigia picha dagaa wakiwa kwenye kichanja wanawaona walivyokauka, wanatuma oda. Na wanaulizia bei saa 3 usiku, ndio saa wamefunga maduka yao. Hiyo ndio saa unayotaka tufunge. Sasa anayefunga ni nani na anayefungiwa ni nani, hapo hujagusa.

Lakini nisiwe muongo. Naingia kujibu oda, natoka baada ya saa nzima nikiwa najua ndoa ya nani Mwanza imevunjika na ilikuwaje, na oda sijaijibu.

Kitochi Oyee (Urambo)

Mama Dagaa hapo mwisho umenivunja mbavu.

Mimi nilikokulia umeme haukuwepo, simu tunapeleka senta kwenye kibanda cha kuchajia, unampa jamaa hela anaandika jina kwenye kipande cha plasta anabandika nyuma ya simu, unaenda shamba. Unaifuata jioni. Siku nzima tupo kwenye tumbaku hamna anayepapasa mfukoni. Siyo kwamba tulikuwa na roho ngumu, simu ilikuwa mbali kilomita nne basi. Leo umeme upo ndani na simu inachaji kwenye mto ninaolalia, asubuhi jicho likifunguka mkono umeshafika. Watu walewale. Kwahiyo mimi niko na fundi ila sheria hapana, weka umbali tu.

Mwalimu wa Zamu (Tabora)

Nimesoma bweni hapahapa Tabora na sasa nafundisha bweni, kwahiyo hili la kufunga kwa sheria naliishi kila siku. Wanafunzi hawaruhusiwi simu. Mimi nimeshakuta simu ndani ya mkate uliotobolewa katikati, nimekuta ndani ya godoro, nimekuta ndani ya ndoo ya sabuni ya unga imefungwa mifuko mitatu. Ukiangalia ufundi uliotumika unasikitika kwanini hautumiki kwenye fizikia.

Ila siyo hao wanaoniumiza. Wanaoniumiza ni watiifu. Mtoto kakaa miaka sita hajagusa simu, mtulivu, anasoma, sote tunasema huyu ana nidhamu. Anamaliza kidato cha sita mwezi wa 5, mjomba anamnunulia simu ya pongezi, matokeo yakitoka mwezi wa 7 mama yake ananipigia anasema mwalimu mtoto umemfanya nini, halali, haongei, sahani anaipeleka chumbani. Sijamfanya kitu. Ndio tatizo lenyewe, sikumfanya kitu, nilimzungushia ukuta nikauita ukuta nidhamu.

Kuna jaribio watu wanapenda kulisema vibaya, lile la Walter Mischel kule Stanford Marekani, mtoto mdogo anawekewa kitu kitamu mezani anaambiwa ukisubiri nikirudi utapata viwili. Watu wanasema waliosubiri walikuwa na nguvu ya moyo. Mischel mwenyewe alichoona ni kwamba waliofanikiwa hawakukaa wanakikodolea macho huku wanajikaza, walijifunika uso, wengine wanaimba, wengine wanageukia ukutani, na walioambiwa wajifanye hicho ni wingu walisubiri zaidi. Yaani ni ujanja wa kutokitazama. Na 2018 watafiti wengine wakarudia na watoto wengi zaidi, wakaona ile habari kwamba aliyesubiri ndiye atakayefaulu ukubwani inapungua sana ukihesabu na nyumba aliyotoka mtoto. Mtoto ambaye kwao leo kuna ugali kesho hakuna kwanini asubiri cha pili?

Kwahiyo fundi, mtoto afundishwe huo ujanja akiwa bado yuko na sisi, siyo siku anatoka getini. Mimi ningeruhusiwa ningewapa simu Jumamosi kwa muda wa saa mbili mbele yangu, tukae, niwaonyeshe notifikesheni inazimwaje, kisha tuone nani kaweza kuirudisha bila kuitwa mara ya pili. Wenzangu ofisini wananiona kichaa.

Fundi wa Mwanga

Shikamoo mwalimu. Hiyo ya ukuta imeniingia. Ila Jumamosi saa mbili, watoto mia tano, simu zinatoka wapi?

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Ndio maana wananiona kichaa.

Ujiji Kwetu

Mimi sitaki mambo ya Stanford, mfano tunao Ujiji. Ramadhani mtu mzima anaacha maji kutoka alfajiri mpaka magharibi na jua la Kigoma mnalijua, na mihogo inanukia kwa jirani asiyefunga. Mtu huyohuyo mwezi mwingine hawezi kukosa chai ya saa 4. Kinachomshika kwanza ni imani, hilo sina mjadala, lakini pia kila mtu amefunga na saa ya kufungua inajulikana. Ukimwambia mtu aache simu mpaka lini? Hakuna magharibi yake. Fundi hapo kwenye kufunga pamoja nakuunga mkono asilimia mia.

Mbishi wa Gungu

Ustaadh, Ramadhani hiyohiyo mchana watu mnapotezea muda na nini kama siyo simu? Bando langu linaishaga saa 3 mwezi ule.

Ujiji Kwetu

Hapo umenikamata. Tuendelee na mengine.

Boda wa Kasulu

Mnaongelea video, mimi niongelee mkeka, yaani kubeti. Samahani itakuwa ndefu.

Naendesha pikipiki ya mkataba, kila siku kuna hesabu ya tajiri. Nilianza kubeti kwa mia tano, naweka mechi tano za Ulaya, timu zingine hata sijui ziko nchi gani, na mara moja nikapiga laki na themanini. Ile siku ndio iliyoniua. Ningepoteza tangu mwanzo ningeacha. Baada ya hapo unakaa kijiweni unasubiri abiria kidole kinaenda chenyewe, na usiku mechi zikiisha kuna zile za kompyuta zinachezwa kila baada ya dakika chache, hazilali hizo. Nikala hesabu ya siku tatu. Nikakopa kwenye simu nikalipa hesabu, nikabeti ili nilipe mkopo. Mnaona mduara?

Sasa mnaosema jizuie, mimi nilijizuia mara ngapi? Kila Jumatatu. Nimefuta programu nikairudisha hata siku haijaisha, kuirudisha ni dakika moja, nikaapa kwa mama yangu nikalala nikaamka nikasema mama atanielewa. Nidhamu ninayo jamani, naamka saa 10 na nusu alfajiri kila siku mvua jua, kwahiyo msiniambie sina nidhamu.

Kilichonisaidia siyo kizuri kukisimulia kijiweni. Laini ya pesa nilimpa mke wangu, akabadilisha namba ya siri, mimi siijui. Abiria akinilipa kwa simu inaingia kwake. Nikitaka mafuta namuomba. Wenzangu walinicheka wakasema umeolewa wewe. Mwezi wa kwanza nilimgombeza sana mke wangu, nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, naye akanyamaza tu namba hakunipa. Huu ni mwezi wa nane tangu nimpe. Pikipiki nimebakiza miezi mitano iwe yangu.

Kwahiyo fundi niko na wewe nusu. Kujizuia peke yangu nilishindwa, ila aliyenifunga siyo serikali, na nilijipeleka mwenyewe siku akili imetulia. Mkeka sheria inasema miaka 18 na kijiweni madogo wa 15 wanabeti kwa laini za kaka zao kila mtu anaona.

Mama Dagaa, Kibirizi

Msalimie sana mkeo mwanangu. Mwambie kuna mama Kibirizi amemheshimu.

Kitochi Oyee (Urambo)

Namba ya siri kwa mke ni umbali uleule wa kilomita nne, ila wako una mdomo.

Fundi wa Mwanga

Nimesoma zote. Hili la sheria ya watoto nalilegeza, kwasababu boda kanikumbusha kitu ninachokiona dukani kwangu, kila mtoto anayekuja nimfungulie akaunti kazaliwa 1990. TikTok nao 2023 walisema wenye chini ya miaka 18 wawekewe dakika 60 kwa siku, zikiisha inaomba namba ya siri, na mtoto mwenyewe ndiye anaijua, anaibonyeza anaendelea. Namba ya siri unayoijua mwenyewe siyo mlango, ni pazia. Boda kalionyesha hilo vizuri kuliko mimi.

Kwenye kufunga pamoja sirudi nyuma. Tangu juzi nyumbani kwangu kuna ungo juu ya kabati, saa 2 mpaka saa 4 usiku simu zote humo, na funguo ya kabati... haina funguo lile kabati, ila mke wangu anakaa karibu nalo. Mwanangu wa kidato cha pili kaweka yake bila neno. Mimi saa 2 na robo nikainuka nikasema naangalia saa. Mke wangu akanyoosha kidole ukutani, saa ipo pale tangu tuoane. Nikakaa. Dakika kama ishirini hivi tulikuwa hatuna cha kuongea, inatisha kidogo nisiwafiche, kisha mtoto akaanza kusimulia mambo ya shuleni ambayo kumbe yalitokea mwezi uliopita.

Mama Dagaa wewe nakuelewa, kwako ni kazi. Njoo kibandani nikupe kiswaswadu, weka laini ya wateja wakubwa tu, wakitaka bei saa 3 wapige, mazungumzo ya dakika mbili oda imeisha. Hiyo kubwa iweke kwenye ungo. Utanilipa kwa migebuka.

Mama Dagaa, Kibirizi

Migebuka bei yake unaijua sasa hivi wewe fundi? Nitakuja Jumamosi. Ila mteja wa Arusha hanunui bila picha, anasema alishatapeliwa akaletewa dagaa wenye mchanga. Kiswaswadu kitampigia picha?