Ikiwa nadharia ya Lombroso ilikwisha kukanushwa, kosa lake hasa lilikuwa nini?

Mwanafunzi wa Sheria

Ndugu wanajukwaa, ninajiandaa kwa mtihani wa elimujinai, yaani taaluma ya kuchunguza uhalifu na sababu zake, na kuna jambo linanitatiza. Vitabu humtaja Cesare Lombroso, daktari wa Italia, kuwa miongoni mwa waasisi wa elimu hii, kisha baada ya aya moja tu husema kwamba nadharia yake ya mhalifu wa kuzaliwa ilipinduliwa na Charles Goring mwaka 1913. Je, Lombroso alikosea kwa sababu alipima mafuvu badala ya kupima kitu kingine, au kosa lilikuwa katika namna yenyewe ya kufikiri? Naomba maelezo ya kina, kwani majibu ninayoyapata kwingine ni ya mstari mmoja.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, jibu la mstari mmoja halitoshi hapa. Lombroso (1835–1909) alikuwa daktari wa jeshi kabla ya kuwa profesa mjini Turin, na mazoea ya kupima miili aliyapata jeshini, alikopima askari wapatao 3,000. Kwa maelezo yake mwenyewe, wazo lilimjia alipolichunguza fuvu la Giuseppe Villella, mtu wa Calabria aliyewahi kufungwa. Upande wa ndani, chini kisogoni, mahali ambapo kwa kawaida huwa na ukingo mwembamba wa mfupa, alikuta kishimo. Kwa kuwa vishimo vya namna hiyo vilijulikana kwa baadhi ya wanyama, alihitimisha kwamba mhalifu ni mtu aliyerudiwa na sifa za mababu wa kale kabisa wa binadamu, hali aliyoiita atavizimu.

Tazama umbali uliopo kati ya ushahidi na hitimisho: kishimo kimoja katika mfupa, na papo hapo maelezo ya uhalifu wote. Katika kitabu chake cha mwaka 1876 aliorodhesha dalili nyingine, zikiwamo taya kubwa, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu na kutohisi maumivu sana. Aliongeza hata michoro ya kuchanjwa mwilini, na hapo ndipo ninapoona udhaifu wake waziwazi, kwa sababu mchoro wa ngozini haurithiwi na mtu yeyote. Ni desturi ambayo mabaharia, askari na wafungwa hufundishana.

Hata hivyo, tumtendee haki. Katika matoleo yaliyofuata hadi mwaka 1897 alikubali kwamba umaskini, ulevi na bei ya chakula vina nafasi yake, akapunguza idadi ya wahalifu wa kuzaliwa hadi kama theluthi moja. Wala wapinzani wake hawakumngoja Goring. Katika kongamano la Roma mwaka 1885, daktari Mfaransa Alexandre Lacassagne alieleza kwamba mhalifu ni kama kijidudu cha maradhi, ambacho hakina madhara mpaka kipate mazingira ya kukikuza, na mazingira hayo ni jamii.

Mpenda Takwimu

Naomba kuendeleza alipoishia Mwalimu. Kupima mafuvu si kosa kwa lenyewe. Kosa lilikuwa kuwapima wafungwa bila kuwapima kwa uangalifu uleule watu wasio wafungwa. Ukikuta masikio makubwa gerezani, hujajua lolote mpaka uhesabu masikio makubwa mitaani. Goring, aliyekuwa daktari wa magereza ya Uingereza, aliwapima wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na wanafunzi wa vyuo vikuu, askari na wagonjwa wa hospitali, akisaidiwa na Karl Pearson katika hesabu. Hakuona umbo la pekee la mhalifu.

Lakini vitabu vingi huishia hapo, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa. Goring aliona pia kwamba wafungwa walikuwa wafupi na wepesi zaidi kuliko wengine, akalichukulia hilo kuwa dalili ya udhaifu wa kurithi, pamoja na upungufu wa akili. Mtu aliyekulia katika njaa huwa mfupi. Tena maskini ndiye anayekamatwa na kufungwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo Goring alilikataa fuvu, lakini aliendelea kuishikilia dhana ya kwamba waliomo gerezani ndio wahalifu, na kwamba kila kinachowatofautisha na wengine wamezaliwa nacho.

Mwanaanthropolojia Earnest Hooton wa Chuo Kikuu cha Harvard aliirudia dhana hiyo mwaka 1939 baada ya kupima wafungwa zaidi ya 13,000 wa Marekani. Miongoni mwa raia aliowalinganisha nao walikuwamo wazima moto wa Nashville, kundi ambalo haliwezi kusemwa kuwa mfano wa wananchi wote. Zaidi ya hayo, sifa iliyoonekana zaidi kwa wafungwa aliiita duni kwa sababu tu ni ya wafungwa, kisha akautumia uduni huo kueleza kwa nini wamefungwa.

Mwanafunzi wa Sheria

Nawashukuru sana, walimu wangu. Je, fikra hizi zilibaki vitabuni, au ziliingia katika sheria?

Wakili

Ziliingia, na ziliwaumiza watu. Mwaka 1907 jimbo la Indiana lilipitisha sheria ya kuwafunga uzazi kwa lazima watu iliowaita wahalifu sugu, pamoja na wenye ulemavu wa akili, na majimbo mengine yakafuata. Soma shauri la Skinner dhidi ya Oklahoma la mwaka 1942. Jack Skinner alikuwa amepatikana na hatia mara tatu: mara moja kwa kuiba kuku, na mara mbili kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Sheria ya Oklahoma iliamuru mtu wa namna hiyo afungwe uzazi, lakini ilimwacha nje karani anayejichukulia fedha alizokabidhiwa na mwajiri, hata kama anarudia kosa hilo na kiasi ni kilekile. Jaji William Douglas alibainisha kwamba jimbo halikujaribu hata kuonyesha kwamba mwizi ana kitu cha kurithisha ambacho karani huyo hana, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha sheria hiyo. Ubaguzi huo unathibitisha hoja ya Mpenda Takwimu: asili ya kuzaliwa ilitafutwa kwa wale tu ambao jamii ilikuwa tayari kuwadharau.

Katika mtihani, usiandike kwamba hukumu hiyo ilizifuta sheria zote za kufunga uzazi. Hukumu ya mwaka 1927 katika shauri la Buck dhidi ya Bell, iliyoruhusu watu walioitwa wapungufu wa akili wafungwe uzazi, haikutenguliwa na shauri la Skinner.