Tupeane uzoefu: mliosafiri kwenda kuiona X Japan jukwaani

Mtoa mada (Leicester, Uingereza)

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote. Naomba mada hii iwe ya wale waliowahi kufunga safari, ya karibu au ya mbali, kwa ajili ya kuiona X Japan, bendi ya roki kutoka Japani, ikipiga jukwaani. Miongoni mwetu wasemaji wa Kiswahili hatuko wengi, lakini tupo, na kwa miaka mingi nilidhani niko peke yangu. Naanza mimi.

Niliijua bendi hii nikiwa kidato cha tatu mkoani Singida. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa kijana wa kujitolea kutoka Japani, mmoja wa wale ambao nchi yao imekuwa ikiwaleta Tanzania tangu mwaka 1967, na muda wake ulipokwisha aligawa vitu vyake vyote kwa wanafunzi. Mimi niliangukiwa na redio ndogo yenye kanda moja ndani yake. Sikujua neno hata moja la Kijapani. Nilichosikia ni drams zinazokwenda kasi kuliko kitu chochote nilichowahi kukisikia, kisha zinanyamaza ghafla na kinabaki kinanda peke yake, na ilinichukua miaka kadhaa kufahamu kwamba aliyekuwa akipiga drams na aliyekuwa akipiga kinanda ni mtu mmoja, Yoshiki, aliyeianzisha bendi hiyo mwaka 1982 pamoja na mwimbaji Toshi, rafiki yake wa utotoni kutoka Tateyama, mkoa wa Chiba.

Nilipofika Dar es Salaam na kuanza kutafuta habari zao kwenye intaneti, nilikuta kwamba bendi ilikwisha kuvunjika. Onyesho la mwisho lilikuwa Tokyo Dome, tarehe 31 Desemba 1997, na miezi minne baadaye, tarehe 2 Mei 1998, mpiga gitaa hide alifariki dunia. Kwa hiyo nilikaa takriban miaka kumi nikiipenda bendi ambayo haikuwapo tena. Waliporudiana mwaka 2007 nilikuwa tayari nimehamia huku Leicester, na nikajiambia kwamba wakija Uingereza nitakuwapo, iwe iwavyo.

Walitangaza kuja ukumbi wa Wembley Arena, London, tarehe 12 Machi 2016. Nilinunua tiketi mapema na kuomba likizo kazini. Mwezi Januari zikaja habari kwamba Pata, mpiga gitaa, amelazwa hospitali akiwa katika hali mbaya, na onyesho likasogezwa mbele kwa karibu mwaka mzima, hadi tarehe 4 Machi 2017. Tiketi niliiweka ndani ya Biblia ya marehemu mama, kwa kuwa ndicho kitu ndani ya nyumba yangu ambacho nina hakika hakipotei.

Siku ilipofika nilipanda treni hadi St Pancras, kisha ile ya chini ya ardhi hadi Wembley Park. Ukumbi wenyewe ulijengwa mwaka 1934 kama bwawa la kuogelea kwa ajili ya michezo, na huchukua watu kama 12,500. Kwenye foleni nilisimama nyuma ya mama mmoja wa Kijapani mwenye umri wa kutosha kuwa dada yangu mkubwa, aliyeruka kutoka Osaka kwa onyesho hilo moja. Aliponiona nimesimama peke yangu alinionyesha namna ya kukutanisha mikono juu ya kichwa, kiganja kimoja mbele ya kingine, ili iwe herufi X, na namna ya kuruka nayo bila kumuumiza jirani. Tulirudia mara tatu pale pale kwenye baridi. Ndani, Yoshiki alipiga drams akiwa amevaa kola shingoni, kama alivyozoea kwa miaka mingi kwa sababu ya maumivu, na nilipomwona kwa macho yangu nikaelewa kwamba ile kasi niliyoipenda tangu Singida ilikuwa na gharama, na kwamba gharama hiyo ililipwa na mwili wa mtu. Miezi miwili baadaye alifanyiwa upasuaji wa shingo huko Los Angeles, na maonyesho yao ya Julai nchini Japani yakafanyika bila yeye kupiga drams.

Naomba mnieleze: mlifikaje, tiketi mlizipataje, na mlikuta nini ambacho kanda na video hazikuwa zimewaambia?

Mchangiaji (Jersey City, Marekani)

Asante sana kaka kwa kufungua mada hii. Safari yangu ilikuwa fupi kuliko yako: nilivuka mto tu. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, na X Japan nililetewa na binamu yangu aliyekuwa akikusanya katuni za Kijapani na muziki wake. Walipopiga ukumbi wa Madison Square Garden, New York, tarehe 11 Oktoba 2014, nilichukua treni hadi mtaa wa 33 na kutembea.

Nililoliona pale sikulitarajia. Nilidhani nitakuta Wajapani watupu, lakini watu waliokuwa karibu nami walitoka Brazili, Meksiko, Kanada na Ufaransa, na wengi wao walikuwa wametumia akiba ya mwaka mzima. Katikati ya onyesho kuna wimbo wa polepole ambao bendi huuachia ukumbi. Toshi alinyamaza, kinanda kikanyamaza, na watu wakaendelea kuimba kiitikio wao wenyewe, tena na tena, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Mimi nililelewa katika kwaya ya kanisa na najua sauti ya watu wanaoimba kwa sababu wameambiwa waimbe. Ile haikuwa hivyo.

Pia waliwaonyesha hide na Taiji kwenye skrini kubwa. Taiji, mpiga besi wa zamani, alifariki mwaka 2011. Heath, aliyechukua nafasi yake tangu mwaka 1992, alikuwa amesimama jukwaani usiku ule, upande wangu kabisa, mtulivu kuliko wote. Habari za kifo chake mwaka 2023 ziliponifikia nilikuwa kwenye basi, na nilishuka kituo ambacho si changu ili nikae kidogo.

Mchangiaji (Tanga)

Mimi sikuwahi kuiona bendi jukwaani, na kama mtoa mada ataona kwamba mchango wangu hauko mahali pake, atanisamehe. Nilikwenda Japani kwa mafunzo ya kazi, nikakaa Yokohama kwa wiki kadhaa, na katika muda huo bendi haikuwa na onyesho lolote. Jumapili moja nikaamua kwamba kama siwezi kuwaona walio hai, nitakwenda kumsalimu aliyetangulia.

Hide alizaliwa Yokosuka na amezikwa katika makaburi ya Miura, kusini zaidi ya hapo. Kutoka Yokohama nilipanda treni ya Keikyu hadi kituo cha Miurakaigan, safari ya kama saa moja, na njia nzima bahari inaonekana na kupotea. Kaburi halikuhitaji kuulizwa. Lilikuwa na maua mengi mabichi siku ambayo haikuwa kumbukumbu ya kifo chake wala ya kuzaliwa kwake. Vijana wawili waliokuwa pale walikuwa wadogo mno kuwa walikwishazaliwa mwaka 1998. Walisafisha jiwe kwa maji na kitambaa, wakawasha ubani, wakainamisha vichwa, kisha wakanipa ndoo na kata kama mtu anayempisha mgeni msibani. Nami nikamwagia maji. Sisi Tanga tunajua kuzuru kaburi na kulisafisha, kwa hiyo sikujiona mgeni kwa jambo lile hata kidogo.

Mchangiaji (Muscat, Oman)

Assalaam aleikum. Asili yangu ni Unguja na nafanya kazi Muscat. Nitaeleza kwa urefu, maana safari yangu haikumalizika kama nilivyokusudia, na huenda mtu akafaidika na habari zake.

Mwaka 2018, mwezi wa Septemba, X Japan walitangaza siku tatu mfululizo katika ukumbi wa Makuhari Messe: tarehe 28, 29 na 30. Hapo ni mkoa wa Chiba, mkoa wao wa nyumbani, na Yoshiki alikuwa amekwisha kurudi kwenye drams baada ya upasuaji ule aliousema mtoa mada. Nilitaka siku zote tatu. Viza ya Japani kwa sisi wenye pasi za Tanzania huombwa kwa karatasi nyingi, na mojawapo ni ratiba ya safari, siku baada ya siku. Niliandika ukweli: siku ya kwanza onyesho, siku ya pili onyesho, siku ya tatu onyesho. Nilikuwa na hofu kwamba watadhani nafanya mzaha, lakini viza ilitoka.

Tiketi ndiyo iliyokuwa mtihani. Kwa maonyesho makubwa ya huko, mara nyingi huwezi kununua tu. Unaomba, kisha majina yanachezeshwa kama bahati nasibu, na wanachama wa klabu ya mashabiki hutangulizwa. Mara nyingi pia hutakiwa namba ya simu ya Japani, na malipo hufanywa kwenye kaunta ya duka dogo la mtaani, yale yanayofunguliwa usiku na mchana. Bila mwenyeji ni vigumu. Mimi nilisaidiwa na mke wa rafiki yangu anayeishi Tokyo, ambaye aliomba kwa jina lake na la mgeni wake, na akaingia nami siku zote ingawa yeye mwenyewe ni mpenzi wa nyimbo za zamani za Kijapani. Nawasihi msinunue kwa walanguzi. Tangu Juni 2019 kuna sheria kamili ya kuwakataza, na mlangoni wanaweza kulinganisha jina la tiketi na kitambulisho.

Njia ya kwenda Makuhari ni treni ya Keiyo kutoka stesheni ya Tokyo, na jukwaa la treni hiyo liko mbali sana na mengine, hata nikadhani tumekwisha kutoka nje ya stesheni. Usiku wa kwanza na wa pili niliyaona yote. Sugizo, mpiga gitaa wa bendi, alipiga fidla. Mimi ni mtu niliyekulia kando ya taarabu, baba yangu alikuwa akinichukua kusikiliza mazoezi ya klabu Ng'ambo, na sikufikiri kwamba fidla itaniliza mbele ya ukuta wa spika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 30 kimbunga kiliikaribia Tokyo. Ilitangazwa kwamba treni za eneo lote la jiji zitasimama saa mbili usiku, na onyesho likafungwa kwa watazamaji kwa ajili ya usalama. Bendi haikuondoka. Walipanda jukwaani katika ukumbi mtupu, wakapiga onyesho zima, na likarushwa moja kwa moja. Mimi nililitazama kwenye simu, chumbani, huku kioo cha dirisha kikitetemeka kwa upepo, mimi na mwenyeji wangu na watoto wake. Toshi alizungumza na viti vitupu kama anayezungumza na watu. Ilipofika sehemu ya kuruka, tuliruka, na jirani wa chini hakugonga, pengine naye alikuwa akitazama.

Mchangiaji (Bukavu)

Ndugu wa Muscat, nimesoma habari yako mara mbili. Mimi napiga drams kanisani na mapigo ya Yoshiki nilijifunza kwa kuyatazama polepole kwenye simu. Ninaweka akiba. Naomba kuuliza: je, fedha ya siku ya tatu ulirudishiwa, au ndiyo ilipotea?

Mchangiaji (Muscat, Oman)

Ndugu yangu, kurudishiwa kuliwezekana, ila ilitakiwa kuitoa tiketi. Kule mlangoni hukata kipande cha pembeni unapoingia. Zile za siku mbili za kwanza nimebaki na vipande vyake, ila ya tarehe 30 iko nzima, haikukatwa. Nilimwomba mwenyeji wangu tusiirudishe. Iko kwenye fremu hapa sebuleni.