Gavana kukabidhiwa ujaji mkuu: Marekani walilamba dume kwa Earl Warren au walibahatisha?

Mzee wa Kijiwe: Wakuu, salaam. Earl Warren hakuwahi kuwa hakimu hata siku moja. Alikuwa mwendesha mashtaka Alameda, akawa mwanasheria mkuu wa California, kisha gavana, kachaguliwa mara tatu. 1948 alikuwa mgombea mwenza wa Dewey kwenye urais, wakabwagwa. 1953 huyoo, Jaji Mkuu wa Marekani! Mwaka uliofuata ikatoka hukumu ya Brown, 9 kwa 0, kutenganisha watoto weusi na weupe shuleni kukawa haramu. Je, mwanasiasa apewe mahakama? Tujadili bila jazba.

Kurunzi: Fadhila tu hizo. Rais Truman alikuwa analipa deni.

dogo_sheria: Truman ndiye aliyewabwaga 1948, deni la nini? Aliyemteua ni Eisenhower, baada ya Jaji Mkuu Vinson kufariki. Soma kwanza ndipo uje.

Kurunzi: Jina moja tu, povu lote hilo! Nyie wa mwaka wa pili mna shida. Fadhila ni fadhila. 1952 Warren naye aliutaka urais, na kwenye mkutano wa chama wajumbe wa California wakapiga kura iliyombeba Eisenhower katika ule mzozo wa wajumbe gani wakubaliwe.

dogo_sheria: Mwaka wa tatu, kwa taarifa yako.

Hamali wa Forodhani: Jamani, hiyo 9 kwa 0 ndiyo siasa yenyewe. Aliwaendea majaji wenzake mmoja mmoja. Jaji Jackson kalazwa kwa moyo, Warren kamfuata na rasimu ya hukumu mpaka hospitali. Jaji Reed ndiye aliyekuwa mgumu, naye akalainika. Jaji wa vitabuni tu asingeliweza.

Binti Likoni: Mwabishana madarasa na hakuna aliyewataja Wajapani wa Marekani. 1942, wakati wa vita na Japani, huyohuyo Warren alikuwa mstari wa mbele kutaka wahamishwe. Watu kama 120,000, thuluthi mbili yao raia, wakatiwa kambini nyuma ya waya wa miba. Na hoja yake ilikuwaje? Ati kule kutotokea hujuma yoyote ndiyo dalili kuwa inapangwa!

Mzee wa Kijiwe: Dada, alijuta. Kaandika kwenye kumbukumbu zake, zilitoka 1977.

Binti Likoni: Naye akafa 1974. Shukrani, basi, kwa majuto ya kaburini.

Hamali wa Forodhani: Tena sifa za Brown mnampa Warren peke yake. Aliyesimama kuwatetea watoto wa skuli ni Thurgood Marshall, yule wakili aliyewasaidia Wakenya kwenye mazungumzo ya katiba pale Lancaster House, London, 1960.

Binti Likoni: Kusaidia nani, ndugu yangu? Ile rasimu yake ya haki ililinda mali, na mali yenyewe ni mashamba ya walowezi. Tukauziwa ardhi yetu wenyewe.

dogo_sheria: Alilinda wachache. Kwao wachache ni weusi, Kenya wachache walikuwa Wazungu na Wahindi. Kanuni ni ileile.

Binti Likoni: Kanuni ni ileile, shamba si lako.

Kurunzi: Wakenya na ardhi, hamchoki! Huku kwetu Tanzania ardhi ilikuwa ya wote.

Binti Likoni: Ya wote, mpaka mkapakiwa kwenye malori kupelekwa vijijini. Walau sisi tuliuziwa.

Kurunzi: Operesheni Vijiji usiilinganishe na kambi! Kijijini kwetu tulipata shule, tukapata na kisima.

Hamali wa Forodhani: Na waliochomewa nyumba ili wasirudi, nao walikwenda kuchota maji?

Kurunzi: Wewe wa visiwani yamekuhusu nini?

Mzee wa Kijiwe: Wakuu, tulikuwa kwa Warren. Mbona 1955 mahakama yake haikuwapa majimbo ya Kusini tarehe ya mwisho ya kuchanganya shule, wakasuasua miaka na miaka? Hapo siasa ilisaidia au iliharibu?

dogo_sheria: Mzee, subiri kidogo. Kurunzi, hicho kisima kilichimbwa mwaka gani?

Kurunzi: 1974. Na kinatoa maji hadi leo, karibu uchote.