Nyuki mweusi katoboa boriti yangu, na droo inakwama kila mvua zikianza. Nifanyeje?

Maranda_Tupu:

Habari zenu wadau. Mimi useremala sio kazi yangu ya kula, ni mapenzi tu, jioni nikitoka kibaruani nashika randa mpaka giza linifukuze. Nina mambo mawili hapa, naomba mawazo.

La kwanza nyuki. Sio wa asali, ni yule mkubwa mweusi anayevuma mpaka unainamisha kichwa. Nina boriti ya mbao laini imelala bandani muda mrefu, kavu, haijapakwa chochote, nilikuwa naitunzia kazi maalum. Juzi naona chenga za mbao zimejaa sakafuni, kuangalia juu kuna tundu duara kabisa, utadhani limepigwa drili, kidole kinaingia. Nikasogeza sikio, aisee unamsikia kabisa akitafuna humo ndani! Kidogo akatoka kinyumenyume, makalio mbele, anasukuma chenga kwa miguu ya nyuma, zikidondoka anarudi ndani. Nikakaa namuangalia tu, kazi iliyonipeleka bandani nikaisahau. Jirani anasema piga dawa, ziba, mambo yaishe. Moyo unagoma, ila na boriti naihitaji.

La pili kabati. Niliunda kiangazi, droo ikawa inateleza safi, sasa mvua zimeanza unavuta droo kabati zima linakufuata. Kila mtu ananiambia piga randa. Sawa, nikipiga randa leo, kiangazi si itabaki inacheza humo ndani?

Na la tatu sio swali, ni kujisemea tu. Kuna mwingine humu ambaye akipasua gogo anaacha kazi anaanza kuhesabu zile duara? Mi nikikuta zimebanana halafu ghafla zinaachana nawaza sana huo mti ulipitia nini.

Tezo_la_Babu:

Mkuu hiyo droo weka randa chini kwanza. Toa droo, iangalie imebana wapi. Nakuhakikishia haibani kushoto na kulia, inabana juu na chini. Mbao haitanuki kwa urefu wa nyuzi zake, au inatanuka kidogo mno huwezi kuiona, inatanuka kwa upana. Sasa ubavu wa droo nyuzi zake zimelala kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo unyevu ukiingia ubavu unapanda juu. Ubavu wa sm 20 kupanda mm 2 kati ya kiangazi na mvua ni jambo la kawaida, na mm 2 ni nyingi sana kama uliacha nafasi ya karatasi.

Anza na mshumaa, sugua kwenye kingo za chini na reli, wakati mwingine ndio mwisho wa kesi. Ikigoma, piga randa ukingo wa JUU tu, tena sasa hivi mvua ikiwa imekolea maana ndio iko kwenye upana wake wa mwisho. Ukiona imeanza kuteleza acha hapohapo usiongeze hata mkupuo mmoja. Kiangazi itakuwa na uwazi kidogo juu, sasa kuna tatizo gani, droo ndio ilivyo. Ukiunda kiangazi acha nafasi, ukiunda kwenye mvua bana.

Halafu umepaka vanishi nje tu au na ndani? Watu wengi wanapaka panapoonekana. Vanishi haizuii unyevu, inauchelewesha tu, sasa upande mmoja ukicheleweshwa na mwingine uko wazi ubao unajikunja.

Dada_Kiota:

Mimi nakuja kwa ajili ya nyuki, za droo mtamalizana wenyewe 😄

Kaka usimpigie dawa. Huyo hali mbao hata chembe, anachonga nyumba tu. Anaingia moja kwa moja kama urefu wa mwili wake halafu anakata kona anafuata nyuzi, mbao ikilala na yeye analala. Ndani anaweka donge la chavua alilochanganya na nekta, anataga yai moja juu yake, anajenga ukuta kwa chenga zilezile za mbao, anaanza chumba kingine. Ukikuta limepasuliwa gogo lenye kiota chake utaona vyumba vimepangana na kila ukuta ni unga wa mbao uliosindiliwa, kwa kweli ni kazi safi kuliko ya mafundi wengi niliowalipa.

Anayekuzungukia usoni akivuma kwa fujo mara nyingi ni dume, na dume hana mwiba kabisa, anatisha tu. Jike anao ila mpaka umshike. Na mtu mwenye mipasheni karibu ndio kabisa asimguse, lile ua nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini anaiba nekta bila kugusa chavua, huyu mweusi mgongo wake ndio unafika.

Shida yake ni moja, hahami. Watoto wakikomaa wanarudi palepale, wanaongeza vichochoro, mwaka baada ya mwaka boriti inakuwa tupu ndani. Na kigong'ota akigundua kuna mafunza humo atakuja kupasua, hapo ndio utalia, maana nyuki anaacha tundu moja ila kigong'ota anaacha shimo refu lenye mapande yamening'inia.

Msumeno_Butu:

Sasa mnamdekeza mdudu mtu anapoteza mbao. Mi nilipoteza rundo zima kwa wadudu wa namna hiyo, nilichelewa kuwapiga dawa eti nawaonea huruma. Mashimo mpaka ubao unavunjika kwa mkono.

Tezo_la_Babu:

@Msumeno_Butu mashimo yako yalikuwa na ukubwa gani? Na ule unga ulikuwa chenga au laini kama poda?

Msumeno_Butu:

Madogo, ncha ya kalamu. Unga laini kabisa.

Tezo_la_Babu:

Basi huyo ni mwingine, mende wadogo, mbao ikishabunguliwa nao ndio inakuwa hivyo. Hao wanakula kweli, hasa ile sehemu nyeupe ya nje ya mbao yenye wanga, moyo wa mti mara nyingi wanauacha. Dawa ya juujuu haiwafikii. Kinachowaua ni joto likifika katikati ya mbao. Ukiona paleti, ile fremu ya mbao ya kubebea mizigo, imegongwa muhuri wa HT maana yake hiyo, imepashwa mpaka nyuzi joto 56 (sentigredi) ndani kabisa kwa dakika 30. Hao ua bila huruma. Wa mwenzetu ana shimo la kidole na chenga, kesi tofauti.

Maranda_Tupu:

Nawashukuru sana. Fundi Tezo, nimetoa droo, ni kweli imebana juu, alama ya msuguano inang'aa kwenye ukingo wote. Mshumaa umesaidia nusu, kesho randa. Vanishi nimepaka nje tu, umenipiga penyewe.

Dada Kiota, basi nimwache mpaka lini? Na nikimwacha boriti si imeondoka?

Dada_Kiota:

Subiri watoto watoke, utaona wenyewe pilikapilika zinaongezeka halafu zinatulia. Usizibe watu wakiwa ndani, watatoboa pengine watoke na utakuwa na mashimo mawili. Sehemu zenye baridi kali wanalala humohumo baridi lote kwa hiyo unasubiri mpaka kupate joto. Mkishaachana, piga kijiti cha mbao na gundi kwenye tundu, kata sawasawa, halafu paka RANGI. Sio mafuta, rangi. Wanapenda mbao tupu, ya rangi wanairuka. Na mpe mbadala, gogo laini lisilofaa kwa kazi litundike sehemu kavu isiyopigwa na mvua, mbali na banda.

Pete_za_Mti:

Nimechelewa ila hilo la tatu mmeliruka na ndilo lililonileta. Nchi zenye baridi na joto kila duara ni mwaka, ile pana ya rangi nyepesi ni miezi mti unakua haraka, mstari mweusi mwembamba ni ukuaji unaposinzia. Kwenye tropiki usiamini sana hesabu, miti mingi haina duara za kueleweka, na mingine mvua zikija mara mbili kwa mwaka inaweka mbili. Zikibanana inaweza kuwa ukame, lakini pia inaweza kuwa jirani mkubwa alikuwa anamfunika jua. Halafu ghafla zinaachana... huyo jirani kaanguka.

Duara za gogo lako zimebanana pande zote au upande mmoja tu? Kama ni mmoja, mti wako ulikuwa umeinama, na hizo mbao usizitumie kwenye droo nyingine, zitakupindia.

Maranda_Tupu:

Upande mmoja. Na nilishazipanga ziwe droo za chini 😩 Ngoja nipige picha niweke hapa.