Mahakama ya Rufani ndiyo ya mwisho Tanzania? Na rufaa inaanzia wapi?

Mdau_Mbeya: Wakuu, naomba ufafanuzi. Kwenye habari nasikia "Mahakama Kuu ya Marekani", nayo ndiyo ya mwisho kule. Kenya wana Mahakama ya Juu. Sisi tuna Mahakama Kuu, na juu yake Rufani. Aliyeshindwa shauri la madai Mahakama Kuu, kituo chake cha mwisho ni kipi, na aanze na nini?

Wakili_Kanda: Cha mwisho ni Rufani. Hadi 1977 rufaa za Kenya, Uganda na Tanzania zilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika ikafa nayo, na Tanzania ikaunda yake mwaka 1979. Kenya, kwa Katiba ya 2010, waliweka Mahakama ya Juu juu ya Mahakama yao ya Rufani, kwa hiyo jina hilohilo kwao ni ngazi ya pili. Ya Marekani wangeiita Mahakama ya Juu tu. "Mahakama Kuu" inawapotosha wasikilizaji wetu.

Rufani husikiliza kwa majaji wasiopungua watatu. Inapokea pia rufaa za Mahakama Kuu ya Zanzibar, isipokuwa tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Mgogoro wa Serikali mbili kuhusu tafsiri ya Katiba ya Muungano una mahakama yake maalumu, ibara ya 126.

Juma_K: Aanze kwa kuomba kibali cha kukata rufaa.

Masjala: Hapana Juma, hilo liliondolewa na marekebisho ya 2023. Kilichobaki ni cheti cha hoja ya kisheria kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo, na hicho hutolewa na Mahakama Kuu.

Kwa Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, awasilishe notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na ndani ya siku 14 baada ya kuiwasilisha ampelekee mjibu rufaa (upande wa pili) nakala. Ndani ya siku 30 hizohizo aandike barua kuomba mwenendo wa shauri, hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Rufaa yenyewe iingie ndani ya siku 60 tangu notisi, ikiwa na sababu za rufaa, kumbukumbu kamili na dhamana ya gharama.

Rufaa nyingi hufia kwenye ile barua. Muda wa kusubiri nyaraka hautahesabiwa iwapo tu barua iliandikwa na mjibu rufaa akapewa nakala. Ndipo Msajili hutoa cheti cha ucheleweshaji, kinachoonyesha siku hizo za kusubiri. Kagueni tarehe zake moja moja, kwa sababu cheti chenye tarehe mbaya hakimwokoi mtu. Siku 90 tangu aombe zikipita bila nyaraka, afuatilie mwenyewe ndani ya siku 14.

Mdau_Mbeya: Asante sana. Akishindwa Rufani je?

Wakili_Kanda: Anaweza kuomba marejeo, yaani uamuzi uangaliwe upya, mbele ya Mahakama hiyohiyo, ndani ya siku 60. Sababu ni chache: kosa la wazi kwenye kumbukumbu lililoleta dhuluma, kunyimwa haki ya kusikilizwa, hukumu batili, Mahakama kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa udanganyifu. Kutoridhika tu na uamuzi hakumo, na maombi ya namna hiyo hutupwa.

Masjala: Na aliyechelewa notisi aombe kuongezewa muda, akieleza kila siku aliyochelewa. "Nilikuwa naumwa" bila vyeti vya hospitali haimfikishi mbali.